Mfu Asiyetulia Ana Shauri Lake: Mwongozo wa Kutunga na Kuchora Katuni ya Mizimu

Ukitaka kuchora katuni ya msichana anayesaidia wafu wasiotulia, usianze na msichana, wala usianze na jumba bovu lenye popo. Anza na shauri. Chukua karatasi, andika kwa sentensi moja jambo ambalo marehemu aliliacha halijaisha, halafu chini yake andika jina la mtu aliye hai ambaye angependa jambo hilo libaki hivyohivyo. Ukilikosa jina la pili, hadithi bado hujaipata. Ulicho nacho ni mzuka wa kuchomoza nyuma ya mlango, basi, na msomaji akishashtuka mara moja hana sababu ya kufungua ukurasa unaofuata.

Hadithi za namna hii ni za kale kuliko katuni zenyewe. Pliny Mdogo, mwandishi wa Kirumi aliyeishi karne ya kwanza na kuingia ya pili, alisimulia katika barua yake moja habari za nyumba ya Athens iliyokuwa ikiwatisha watu usiku kwa mlio wa minyororo. Mwanafalsafa Athenodorus akaipanga kwa bei rahisi, akakaa na taa yake akiandika. Mzee mwenye pingu akamtokea na kumwita kwa kidole. Athenodorus akamwashiria asubiri, akaendelea kuandika. Mwishowe akanyanyua taa, akamfuata mpaka uani, na hapo yule mzee akatoweka. Akaweka alama ya majani mahali pale. Kesho yake akaenda kwa wakuu wa mji, pakachimbwa, ikakutwa mifupa imefungwa minyororo, ikazikwa inavyostahili, na nyumba ikatulia.

Isome hadithi hiyo mara mbili kabla hujashika penseli, kwa kuwa karibu kila kiungo unachokihitaji kimo ndani yake: mtu asiyekimbia, ishara isiyoeleweka mara moja, alama iliyowekwa, safari ya kwenda kwa wenye mamlaka, kuchimba, kuzika. Kumsaidia mzimu ni kazi yenye hatua. Hofu humfikisha msomaji mlangoni, lakini kinachomweka ndani ni kuziona hatua hizo zikifanyika, moja baada ya nyingine, na kutaka kujua ipi itakwama.

Kiungo ambacho Pliny hakukigusa ni yule mtu aliye hai. Huyo anaonekana wazi katika riwaya za kigothiki za Ulaya. Katika The Castle of Otranto ya Horace Walpole, iliyotoka mwaka 1764, kofia kubwa mno ya chuma inamwangukia kijana na kumuua siku ya harusi yake. Watu huikumbuka kofia. Lakini uzito wa kitabu uko kwingine: babu wa mtawala wa ngome ile alimtilia sumu mwenye mali na kughushi wasia, na ukoo mzima umekalia kilicho cha mwingine. Ugothiki ni huo, nyumba kujua walichofanya wenye nyumba. Ngazi za giza, mishumaa na mvua ya radi ni mavazi tu. Ukiyavaa mavazi bila kuwa na jambo lililofichwa ukutani, utachora magofu mazuri na hadithi haitasogea hata hatua moja.

Kadiri shauri linavyokuwa dogo na la kushikika, ndivyo linavyokuwa na nguvu zaidi. Wajapani wana hadithi ya Okiku, mtumishi aliyekufa kwa ajili ya sahani moja iliyopotea katika sahani kumi. Kila usiku husikika kisimani akihesabu, moja, mbili, mpaka tisa, kisha kilio. Katika masimulizi mengine hutulizwa na mtu anayewahi kutamka kwa sauti "kumi" kabla kilio hakijaanza. Sahani moja tu, na watu wamesimulia kwa karne kadhaa. Mchoraji Yuki Midorikawa, katika mfululizo wake Natsume Yūjin-chō unaoendelea tangu 2005, amejenga kazi yote juu ya daftari moja: kijana amerithi kwa bibi yake daftari lenye majina ya viumbe wa maajabu ambao bibi huyo aliwashinda, na kazi yake ni kuwarudishia majina yao, mmoja mmoja. Kila kiumbe kinachokuja kinadai kitu kilekile, lakini sababu ya kila mmoja ni yake. Ukiwa na wazo la namna hiyo una vitabu ishirini mkononi.

Tuchukue mfano mmoja twende nao. Fundi Bakari alikuwa mchonga milango katika mji wa kale wa pwani. Alipokea fedha zote za mlango mkubwa, akafa kabla hajamaliza ubao wa pili. Kaburini, kama ilivyo desturi, jamaa wakatangaza: anayemdai marehemu ajitokeze. Mwenye mlango alikuwa safarini. Mtoto mkubwa wa fundi aliyajua yote, na akanyamaza. Kwa fedha zile akafungua duka. Leo duka ni la mjukuu, Mzee Sefu, mtu anayeheshimiwa mtaani na mkarimu kwelikweli, na kila usiku patasi inasikika katika karakana iliyofungwa. Fundi Bakari hamtishi mtu yeyote. Anajitahidi kumaliza kazi, na kila kukicha ubao unarudi kuwa mtupu.

Unaona shauri linavyokuzalia mengine? Wazee wetu wanafundisha kwamba deni humfunga marehemu, na katika sheria ya mirathi ya Kiislamu madeni hulipwa kabla warithi hawajagawana chochote. Kwa hiyo swali halimhusu fundi peke yake, linaligusa duka zima la Mzee Sefu. Na Mzee Sefu si mwovu. Usimchore na nyusi za jambazi. Akiwa mwema na bado hataki jambo lifunguliwe, kwa sababu jina la baba yake litaanguka, msomaji ataumia pamoja naye, na hapo umefika.

Sasa amua ni nani hasa anayekuja usiku. Kwa msomaji wa pwani jini si mtu aliyekufa. Ni kiumbe wa asili yake, aliyeumbwa kwa moto. Pepo wa ngoma, kibuki au rohani, naye ana kabila lake, matakwa yake na mtu anayemkalia, anayeitwa kiti. Mizimu ya mababu ni ya ukoo na ina mahali pake. Mfu asiyetulia ni mtu mmoja, mwenye jina, aliyekuwa na kazi na jirani. Ukiwachanganya wote katika kapu moja, msomaji anayejua atakuacha ukurasa wa tatu. Nakushauri msichana wako ashughulike na hao wa mwisho peke yao. Akikutana na jini, ajue kuwa si kazi yake, na awe na mtu wa kumpelekea. Mpaka huo utakusaidia sana, maana mhusika anayeweza kila kitu hana pa kukwama.

Wasomaji wengi wanaamini kwamba wafu hawarudi. Usiwadharau na usiwazunguke. Mweke maalim au mchungaji anayelisema hilo waziwazi, mpe elimu yake kamili na hekima yake, kisha umfanye awe wa msaada. Katika mfano wetu, maalim haamini hata kidogo kwamba fundi anasikika usiku. Lakini anaijua sheria ya deni kuliko mtu yeyote mtaani, na deni lipo, fundi asikike au asisikike.

Baada ya hapo ndipo msichana anaingia. Tumwite Mwanaidi, miaka kumi na mitatu, anaishi kwa bibi yake. Jambo la kwanza la kuamua ni kwa nini yeye. Utabiri wa kale, damu ya kifalme, alama ya kuzaliwa mkononi, achana navyo. Tafuta sababu inayotokana na maisha yake. Katika Gunnerkrigg Court, katuni ndefu ya Mwingereza Tom Siddell iliyoanza mwaka 2005, msichana Antimony Carver alikulia hospitalini kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Huko akawazoea wale wanaokuja kuwachukua wafu, akawa anawasaidia. Kila kitu chake, utulivu wake, upweke wake, namna anavyozungumza na viumbe wa ajabu bila kupaza sauti, kimetoka katika korido za hospitali ile. Siddell akaongeza na gharama: ilipofika zamu ya mama yake, yeye mwenyewe ndiye aliyelazimika kumsindikiza. Hiyo ni gharama inayolingana na kipaji, na huwezi kuibandika baadaye. Ipange mapema.

Mwanaidi anaweza kuwa mtoto aliyemuuguza babu asiyeweza tena kusema, akajifunza kusubiri. Anasikia kwa sababu amezoea kukaa kimya na mtu asiyejibu. Gharama yake ni kwamba kila shauri analolimaliza linamwacha na siri ya familia fulani, na mji ni mdogo. Watu wanaanza kunyamaza anapopita.

Mpe pia udhaifu wa wazi: hakuna mtu mzima atakayekubali neno la mtoto juu ya deni la miaka sitini. Kwa hiyo kumwona fundi hakutoshi, anahitaji ushahidi. Kuna daftari la mapokezi lililobaki kwenye sanduku? Kuna alama ambayo fundi aliichonga nyuma ya kila mlango wake? Kuna nyumba mtaa wa pili yenye mlango wa mbao za kawaida ndani ya fremu kubwa iliyonakshiwa, na hakuna anayekumbuka kwa nini? Hizo ni kurasa tatu za uchunguzi, mchana kweupe, na zitafanya kurasa za usiku ziogopeshe zaidi.

Na adabu. Hapa Kiswahili kinakupa hazina ambayo katuni za nchi nyingine hazina, itumie. Mwanaidi akimwona fundi kwa mara ya kwanza atasema nini? Atasema "Shikamoo babu," kwa sababu hivyo ndivyo alivyolelewa. Fundi ataacha patasi. Miaka sitini hakuna aliyemwamkia. "Marahaba, mjukuu wangu." Fremu mbili, maneno machache, na hofu yote imegeuka kitu kingine. Je, akikutana na mtoto wa miaka minane aliyekufa kabla bibi yake hajazaliwa, nani amwamkie nani? Waache wabishane, wote wawili kwa dhati. Na mlangoni hapigi teke, anapiga hodi. Hodi tatu bila jibu, mgeni anatakiwa aondoke. Hiyo ni kanuni inayojulikana na kila msomaji wako. Mwanaidi apige hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Ageuke kuondoka kama adabu inavyotaka. Halafu, kutoka ndani: "Karibu."

Usiamini kila mzimu. Katika Anya's Ghost ya Vera Brosgol, ya mwaka 2011, msichana wa shule anaanguka kisimani na kukutana na mzimu wa binti mwingine mwenye hadithi ya kusikitisha ya jinsi alivyokufa. Hadithi hiyo ni ya uongo, na anayeihitaji huruma siye anayeiomba. Wafu walikuwa watu, na watu hujitetea. Angalau katika shauri moja kati ya matatu, mfu wako afiche kitu. Hata Fundi Bakari aulizwe: zile fedha ulianza kuzila kabla hujakata mti, au? Na kuna swali kubwa zaidi ambalo Siddell analiuliza kupitia mzimu wa Jeanne, mwanamke mwenye upanga anayeua kila anayekanyaga ukingo wa mto. Yeye hakuachwa hivyo kwa bahati mbaya. Waanzilishi wa mahali pale walimfanya hivyo kwa makusudi, awe ukuta wao. Ukifika kitabu cha tatu au cha nne, jiulize nani anafaidika na huyu asitulie.

MAHALI

Kama hadithi yako iko Uingereza, ibaki Uingereza, na usome ramani zao. Kama iko kwetu, huna haja ya kuazima ngome. Magofu ya Gedi karibu na Malindi, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, yana msikiti mkuu, kasri, visima virefu na kaburi lenye tarehe inayolingana na mwaka 1399, vyote ndani ya msitu ambao mizizi yake imezikumbatia kuta. Kaole karibu na Bagamoyo na Kunduchi jijini Dar es Salaam kuna makaburi ya minara; ya Kunduchi yalipambwa kwa bakuli za kigeni zilizopachikwa kwenye saruji ya chokaa. Kua, katika kisiwa cha Juani huko Mafia, ni mji mzima uliobaki bila watu. Nenda na daftari, keti, chora kwa mkono. Picha ya simu itakupa umbo, lakini mkono ukichora ukuta kwa nusu saa huanza kujua mahali ambapo mtu angeegemea.

Hata hivyo, kwa maoni yangu nyumba inayokaliwa inatisha kuliko gofu. Nyumba za kale za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zina vyumba virefu vyembamba, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko na boriti hizo haziwezi kuvuka zaidi ya mita tatu hivi. Kwa mchoraji hiyo ni zawadi: chumba chenyewe kina umbo la fremu ndefu iliyosimama. Kuta nene za matumbawe humeza sauti. Ukuta wa zidaka, vile vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu, unakupa giza dogodogo arobaini mahali pamoja, na huna haja ya kuweka kitu ndani ya lolote. Kabla ya ukurasa wa kwanza chora ramani ya nyumba: daka liko wapi, uwanja uko wapi, chumba cha ndani kabisa kinafikiwaje, jua linaingilia upande gani. Msomaji akijua njia ya kutoka, na akaona mlango huo umefungwa, ataogopa bila wewe kuchora kitu kingine.

UKURASA, WINO NA GIZA

Chora kwenye karatasi ya A4 kazi itakayochapwa A5. Mchoro utapungua kufikia asilimia 71 ya urefu wake, kwa hiyo herufi ya milimita 5 itakuwa milimita 3.5 hivi, bado inasomeka. Karatasi ya manila nyeupe kutoka duka la stesheneri inatosha, penseli ya HB, rula, wino mweusi usioyeyuka na maji, kalamu mbili za unene tofauti na brashi moja nzuri. Brashi usiifanyie ubahili.

Giza linaanza na mwanga. Kabla hujajaza weusi wowote, weka kialama kidogo cha penseli panapotoka nuru: kandili, koroboi, simu, mwezi dirishani. Nuru moja kwa kila fremu. Kisha jiulize ni nini nuru hiyo inakigusa, chora hicho peke yake, na kilichobaki kiache kizame kwenye weusi. Mike Mignola, mchoraji wa Hellboy, amefundisha kizazi kizima kwa njia hii: makundi makubwa ya weusi mtupu, maumbo machache, na katikati ya mazungumzo fremu ndogo ya sanamu au fuvu lisilosema kitu. Fremu hizo ndogo ziazime. Patasi juu ya meza. Chano tupu. Paka anayetazama pembe isiyo na mtu. Zinapunguza mwendo wa msomaji bila kumwambia apunguze.

Mzimu wenyewe mchore kwa kanuni moja isiyovunjwa. Mimi napendelea hii: kila kilicho hai kina weusi ndani yake, katika nywele, kivuli au nguo, na mfu hana weusi wowote, ana mistari tu. Kandili haimpi kivuli. Msomaji ataielewa kanuni hiyo bila maelezo kufikia ukurasa wa nne, na siku utakayomchora mtu anayeonekana hai, anayekunywa chai barazani, bila kivuli, hutahitaji neno.

Jihadhari na rangi ya kijivu iliyopakwa kwa maji kama utazalisha nakala kwa fotokopi, maana itatoka mabaka. Tumia mistari ya karibukaribu. Weusi mpana nao hutoka na michirizi kwenye mashine iliyochoka, kwa hiyo pima ukurasa mmoja kwenye mashine utakayoitumia kabla hujachora kumi na tano nyingine. Ukipeleka kwa mchapaji, skani kwa nukta 600 kwa inchi, nyeusi na nyeupe tupu. Kutokuwa na rangi kusikukatishe tamaa. Marekani, kanuni za wachapishaji za mwaka 1954 zilipopiga marufuku wafu wanaotembea katika vitabu vya katuni, hadithi za kutisha zilirudi kwa nguvu miaka kumi baadaye katika jarida la Creepy, ambalo kurasa zake za ndani zilichapwa kwa wino mweusi, na wachoraji wake wanasomwa mpaka leo.

Panga kitabu cha kwanza kurasa 16. Karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati zinakupa hizo hasa. Kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi lazima namba zake zijumlike 17: 1 na 16, 2 na 15, na kuendelea. Hesabu hiyo itakuokoa siku ya kuchapa. Kurasa za namba shufwa zinakaa kushoto, na msomaji anazifikia kwa kufunua. Basi kila kinachotakiwa kushtua kikae ukurasa wa kushoto, juu kabisa, na kinachokitangulia kikae fremu ya mwisho ya ukurasa wa kulia. Hodi tatu za Mwanaidi ziko ukurasa wa 5. Anageuka katika fremu ya mwisho. Msomaji anafunua, na ukurasa wa 6 unaanza na "Karibu" kwenye weusi mtupu. Ukizigeuza namba hizo, jibu litaonekana pembeni ya jicho kabla hodi ya kwanza haijapigwa.

Kurasa za 8 na 9 ni karatasi moja isiyokatika, ya katikati, penye pini za stepla. Hapo ndipo pa kuchora mlango mzima wa Fundi Bakari kama ulivyopaswa kuwa: ubao mmoja ukurasa wa kushoto, wa pili kulia, na mfaa ukiangukia kwenye mkunjo wenyewe. Upande wa kushoto nakshi zimekamilika, mnyororo pembeni, maua, samaki. Kulia ni penseli tu. Usiweke neno lolote katika kurasa hizo.

Kama unachorea simu, hakuna kufunua, kuna kuteremka. Mshtuko unapatikana kwa nafasi tupu: acha weusi mrefu kati ya fremu, kidole kifanye kazi, ndipo jibu litokee. Chora safu moja ya fremu, herufi kubwa, na usipange fremu mbili ubavu kwa ubavu.

Maneno. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja, kwa hiyo neno moja kama "hawakumsikiliza" linaweza kuujaza mstari mzima wa kiputo chembamba. Andika maneno kwanza kwa penseli, kisha chora kiputo kulizunguka andiko. Ukifanya kinyume utalazimika kukata maneno vipande. Maneno kumi na mbili hivi kwa kiputo yanatosha. Fremu sita kwa ukurasa, na usiku zipunguze ziwe nne. Na kwa sauti, lugha yetu ina tanakali zake, usiandike milipuko ya vitabu vya Marekani. Kitu kinaanguka pu, jiwe linaingia kisimani chubwi, maji yanadondoka ndo, ndo, ndo. Patasi ya fundi itafutie mlio wako mwenyewe, uuandike kwa ukubwa uleule kila mara, na uuchore mwembamba zaidi kadiri Mwanaidi anavyokaribia ushahidi.

WAFU WA KWELI

Kuna vifo ambavyo si vya kuchezea. Mkunazini, Unguja, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na kanisa la Kianglikana likajengwa mahali pake. Msanii anayepita pale na kuona "mandhari nzuri ya mizimu" anatakiwa akae chini afikiri upya. Sisemi usiiguse historia hiyo. Nasema wale walikuwa watu wenye lugha, mama na majina yaliyopotezwa kwa nguvu, na ukiwaleta katika hadithi waje na shauri lao zito, si kama mapambo ya ukutani. Soma kwanza, soma sana. Usimpe mzimu jina la mtu aliyeishi kweli. Ajali ambayo jamaa zake bado wanafanya hitima usiiguse kabisa. Na kama mila unayoichora si ya kwenu, mwonyeshe mtu wa huko kurasa za penseli, kabla ya wino, wakati bado unaweza kufuta.

MWISHO WA SHAURI

Jinsi shauri linavyofungwa ndiyo sehemu ninayoiona ikiharibiwa zaidi. Mzimu anatabasamu, mwanga unashuka, anapaa. Usifanye hivyo. Deni lilikuwa la fedha na la kazi, basi lilipwe kwa fedha na kwa kazi, na mtu aliye hai aonekane akilipa. Mzee Sefu aende mtaa wa pili, apige hodi, aseme mbele ya watu kile ambacho baba yake hakukisema kaburini. Mchore akitafuta maneno, fremu tatu mfululizo za uso uleule. Wenye nyumba wana hiari: wanaweza kusamehe, kudai fedha, au kuutaka mlango wao. Nashauri wautake mlango, kwa sababu kusamehe kungemaliza mambo upesi mno. Hapo atafutwe fundi kijana, aanze kuchonga ule ubao wa pili kwa kufuata nakshi za wa kwanza, mchana, mlango wa karakana ukiwa wazi. Fundi Bakari huna haja ya kumwonyesha akiondoka. Inatosha kwamba mlio wa patasi sasa unaandikwa kwa mistari minene, kwa kuwa anayepiga ni mtu aliye hai.

Kurasa zote 16 zikiisha, zikunje bila pini, bila jalada, umpe mtu ambaye hana mazoea ya kusoma katuni. Usimweleze chochote. Kaa mbali kidogo, utazame vidole vyake. Kila anaporudi nyuma ukurasa mmoja, andika namba ya ukurasa huo. Mara nyingi kosa ni dogo: kiputo cha pili kimesomwa kabla ya cha kwanza, au hakujua kuwa amehama chumba. Rekebisha kurasa hizo tu, pima weusi tena kwenye mashine, kata kingo, piga pini mbili kwenye mkunjo, na uchape nakala thelathini za kwanza. Shauri la pili lianze kuandikwa wakati hizo bado zinasomwa.